Weusi wa Msitu na Weusi wa Wingu: Ufasiri wa Taashira na Hali ya Hisia katika Picha za Ngano kwa Msomaji wa Itigi

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna taashira na hali ya hisia zinavyofasiriwa katika picha zinazoambatana na ngano. Yanapinga mazoea ya kufasiri picha kwa orodha ya maana zilizokwisha kuwekwa, kama vile nyeusi kuwa huzuni na msitu kuwa hofu. Kwa kutumia michoro ya Gustave Doré, ngano ya nunda mla watu, na kitabu cha John Kilaka kuhusu mti wa ajabu, makala yanaonesha kuwa maana ya taashira hutokana na mambo mawili: tukio ambalo mchoraji amelisimamisha, na mandhari ambayo msomaji anaishi ndani yake. Mandhari ya Itigi, mkoani Singida, ndiyo inayotumiwa kuipima hoja hiyo.

1.0 Utangulizi

Ngano ya Kiswahili ilizaliwa mdomoni na kwa kawaida ilisikilizwa usiku, pasipokuwa na cha kutazama zaidi ya uso wa msimulizi na mwanga wa moto. Picha iliingia baadaye, kwa mlango wa kitabu. Kuingia kwake kumeleta swali ambalo uhakiki wa fasihi simulizi haukulazimika kulijibu: msomaji anapoitazama picha ya ngano, anaisoma kwa kanuni zipi?

Jibu lililozoeleka ni orodha. Nyekundu ni hatari. Nyeusi ni huzuni au uovu. Nyeupe ni usafi. Fisi ni ulafi. Msitu ni hofu. Orodha ya namna hii ni rahisi kuifundisha na rahisi zaidi kuisahihishia, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwa kuwa inayachukua matokeo ya ufasiri wa mahali fulani na kuyafanya kanuni ya mahali pote. Mwanafunzi aliyekulia Itigi, akiitazama picha ya wingu jeusi juu ya nyumba ya maskini na kusema kwamba picha hiyo inaleta matumaini, anaweza kuandikiwa kosa. Itaonekana hapa chini kwamba jibu lake lina ushahidi mzito kuliko lile la orodha.

Itigi ni mji mdogo wa Reli ya Kati, upande wa magharibi wa Manyoni, njia ya kuelekea Tabora. Wataalamu wa mimea wanaujua kwa jambo moja: uoto wa vichaka vilivyosongamana ambao umepewa jina la mji huo, na ambao mfano wake mwingine uko mbali, kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, katika eneo la Sumbu nchini Zambia. Uoto huo utarejewa, kwa sababu ndio unaoivuruga orodha kuliko jambo jingine lolote.

Kabla ya hapo, istilahi mbili zinahitaji kuwekwa sawa. Taashira hapa ni kitu kinachooneshwa katika picha na ambacho, bila kuacha kuwa chenyewe, hubeba maana nyingine. Hali ya hisia ni ile hewa ya picha, yaani mwelekeo wa moyo ambao mtazamaji anatiwa na mpangilio wa mwanga, nafasi, mistari na rangi. Isichanganywe na toni, ambayo ni msimamo wa msanii kuhusu anachokieleza. Mchoraji anaweza kuchora tukio la kutisha kwa toni ya mzaha, na mtoto akaogopa vilevile.

2.0 Picha husimama, hadithi hutembea

Tofauti ya msingi kati ya sanaa ya maneno na sanaa ya picha ilielezwa na Lessing katika Laokoon (1766). Maneno hufuatana katika wakati, ilhali maumbo ya picha hukaa pamoja katika nafasi. Kwa hiyo mchoraji wa tukio hulazimika kuchagua nukta moja, na Lessing alishauri iwe nukta yenye mimba: ile inayoruhusu akili ya mtazamaji irudi katika yaliyotangulia na kwenda katika yatakayofuata. Ushauri huo ni wa zamani na umepingwa kwa mengi, lakini kwa picha za ngano bado una nguvu.

Mchoro wa Gustave Doré wa mwaka 1862 unaomwonesha Kofia Nyekundu kitandani ni mfano mzuri. Katika ngano ya Charles Perrault (1697) msichana huliwa na hadithi inaishia hapo, bila mwindaji wa kumwokoa. Doré hakuchora kuliwa. Alimchora msichana amelala kando ya mbwamwitu aliyevaa kofia ya kulalia ya bibi, mkono wake ukiwa umeishika shuka, macho yamegeukia uso ulio karibu naye. Msichana ameshaona, na mbwamwitu hajajongea bado. Hofu yote ya picha imo katika pengo hilo la nukta moja.

Kofia ya bibi ndani ya picha hiyo ni taashira, lakini ya nini? Hakuna orodha inayoweza kusema kwamba kofia ya kulalia humaanisha udanganyifu. Kwingineko humaanisha uzee, usingizi, au nyumba yenye baridi. Imekuwa udanganyifu kwa sababu ya hadithi, na kwa sababu ya kichwa kilichoivaa.

Lipo jambo jingine katika mchoro huo ambalo wahakiki hulipita. Ngano hii inajulikana duniani kwa rangi nyekundu, na pengine hakuna rangi iliyofasiriwa zaidi katika ngano zote za Ulaya. Mchoro wa Doré hauna rangi. Ni nakshi ya wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Wekundu unaojadiliwa haumo kwenye picha, umo kwenye jina. Barthes (1964) aliita kazi hii ya maneno kuwa ni kutia nanga: picha huelea juu ya maana nyingi, na maandishi huishika mahali pamoja. Hapa nanga imefanya zaidi ya kushika. Imetia rangi mahali ambapo macho hayaoni rangi.

3.0 Nunda asiyeonekana

Hoja ya nukta iliyosimamishwa inakuwa nzito zaidi katika ngano ya pwani ya Afrika Mashariki iliyochapishwa na Edward Steere katika Swahili Tales (1870). Humo, katika hadithi ya Sultani Majnuni, yumo paka wa sultani anayeanza kwa kula wanyama wadogo wa watu, kisha wakubwa, kisha watu wenyewe. Kila akishitakiwa, sultani hujibu kwamba paka ni wake na vilivyoliwa ni vyake pia. Ni mpaka wanawe wanapouawa ndipo anapokiri kwamba huyo si paka tena, ni nunda. Mwanawe mdogo, aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni, anatoka kumsaka. Anaua mnyama baada ya mnyama, kuanzia wadogo mpaka wakubwa kabisa, na kila mzoga anauleta nyumbani akidhani amempata nunda. Kila mara mama yake anamwambia kwamba siye.

Mwaka 1901 ngano hii ilitokea katika vitabu viwili vyenye picha. George W. Bateman aliichapisha Chicago katika Zanzibar Tales, kwa michoro ya Walter Bobbett. Andrew Lang aliiingiza katika The Violet Fairy Book, London, kwa michoro ya H. J. Ford. (Katika kitabu cha Bateman jina la kijana, Mkaa Jikoni, limeendelezwa kwa kufuata sikio la Kimarekani, hata msomaji Mswahili hulazimika kulitamka kwa sauti ili alitambue.) Kwa hiyo, ndani ya mwaka mmoja, ngano iliyokuwa ya sikio ilikabidhiwa kwa wachoraji wawili, na kila mmoja alirithi tatizo ambalo msimulizi hakuwahi kuwa nalo.

Tatizo ni hili. Msimulizi anamficha nunda. Msikilizaji anajua jina lake mapema na anajua mizoga ambayo siye, lakini alama za mwili wake hutajwa kwa ukamilifu karibu na mwisho, kijana anapomkuta juu ya kilima na kuyalinganisha anayoyaona na maelezo ya mama yake: masikio madogo, umbo pana lisilo refu, mabaka mawili kama ya fungo, mkia mnene. Mpaka wakati huo nunda ni jina lisilo na mwili. Kila mama anapokataa, mnyama huyo anakua katika akili ya msikilizaji, kwa sababu sasa ni mkubwa au mkali kuliko kile kilicholetwa mlangoni. Kisarufi, hofu ya ngano hii imejengwa juu ya ukanushi. Nunda huelezwa kwa «si» muda mrefu kabla ya kuelezwa kwa «ni».

Picha haina ukanushi. Mchoraji hawezi kuchora «siye». Anaweza kuchora punda milia aliyekufa, na ni maneno ya mama tu yanayomgeuza punda milia huyo kuwa asiye nunda. Mchoraji akimwonesha nunda katika kurasa za mwanzo amekwisha kuivunja hadithi, hata awe hodari kiasi gani. Akimchora kama paka wa kawaida katika baraza la sultani, hali ya hisia inakuwa ya kejeli, na kejeli hiyo humwangukia sultani. Akimchora kilimani amelala, anapata hofu, ila ni hofu ya kawaida ya mnyama mkali, ambayo ingeweza kutoka katika kitabu chochote cha uwindaji. Mchoro ulio mwaminifu zaidi kwa ngano hii ni wa kijana anayeburura mzoga usio wenyewe kuelekea mlangoni, na mama amesimama hapo. Nunda hayumo katika picha hiyo, lakini amejaa kila mahali.

Katika picha ya aina hiyo mlango, mzoga na mafiga ya jikoni ni taashira zenye uzito. Jiko ndilo lililompa kijana jina la dharau, na ni kwa mtu wa jikoni, mama, kwamba ujuzi wa kumtambua nunda umehifadhiwa. Wanaume wa baraza walishindwa kumtambua mnyama waliyekuwa wakimlisha. Mwanafunzi anayeandika kwamba mafiga ni taashira ya umaskini hajakosea sana, lakini ameisoma picha kana kwamba hadithi haikuwapo.

4.0 Msitu wa Doré na kichaka cha Itigi

Jambo la pili, mandhari ya msomaji, halijadiliwi mara nyingi, na linaumiza zaidi. Katika picha za Doré za ngano ya mtoto mdogo kabisa wa mkata kuni, anayepelekwa msituni na wazazi wake ili apotee pamoja na ndugu zake, watu ni wadogo chini ya miti minene. Vigogo vinapanda mpaka vinaukata ukingo wa picha, vilele havionekani, na mwanga unachujwa kutoka juu ukafika chini ukiwa haba. Hofu ya picha inajengwa kwa urefu na giza. Mtazamaji anajisikia mdogo kwa kutazama juu.

Uoto wa Itigi hauna urefu huo. Vichaka vyake kwa kawaida huwa na kimo cha mita 3 hadi 5. Havimfanyi mtu atazame juu. Ugumu wake ni wa upande: mashina mengi membamba yanayotoka karibu na ardhi, matawi yaliyofumana, nafasi ya kupita hakuna isipokuwa mahali palipokatwa au palipofunguliwa na wanyama wakubwa. Na katika kiangazi sehemu kubwa ya mimea hiyo hupukutisha majani. Kichaka kinabaki cha kijivu, kimejaa mwanga wa jua kali, na bado mtu haoni hatua chache mbele yake. Hiki ni kitu ambacho picha za ngano za Ulaya hazina namna ya kukionesha: kupotea katika mwanga.

Kwa hiyo mtoto wa Itigi anapofundishwa kwamba msitu wa kutisha ni ule wenye giza na miti mirefu, anafundishwa woga wa mahali asipopajua, na woga anaoujua unaachwa bila picha. Yaelekea huo ndio upungufu mkubwa wa vitabu vya ngano vilivyopambwa kwa misitu ya kuazima. Hapana ubaya mtoto kuona misitu ya kigeni. Tatizo linaanza pale ambapo misitu hiyo inakuwa kipimo, na mchoro wa kichaka kilichopukutika chini ya jua la Septemba unasahihishwa kuwa ni wa hali ya hisia ya utulivu kwa sababu una mwanga mwingi.

Lugha nayo inachangia. Wafasiri wa ngano za Ulaya huelekea kuutaja uoto wote kwa neno msitu, ingawa Kiswahili kina mwitu, pori, nyika, chaka na kichaka, na kila moja lina hewa yake. Kichaka kina mkosi wa pekee. Kimo katika ngeli ya KI-VI, ambayo pamoja na mambo mengine hubeba udogo, na msomaji wa mjini akilisikia neno hilo huona mimea michache kando ya njia. Kichaka cha Itigi ni cha maelfu ya kilomita za mraba, na kimekuwa makazi ya tembo. Mchoraji anayesoma «alijificha kichakani» akiwa Dar es Salaam atachora kitu kinachomfunika sungura. Maneno yaleyale kwa msomaji wa Itigi yana maana ya kutoonekana tena.

Pia kichaka hakiwezi kufungwa katika hofu peke yake. Ukanda wa Manyoni na Itigi unajulikana kwa asali, na mizinga iko huko huko porini. Kuni ziko huko, na dawa ziko huko. Turner (1967), akichunguza matambiko ya Wandembu wa Zambia, alionesha kuwa taashira moja hubeba maana nyingi kwa pamoja, hata zinazopingana, bila maana moja kuifuta nyingine. Kichaka katika picha kinaweza kuwa asali na kupotea kwa wakati mmoja. Kwa hakika hata mkata kuni wa Perrault aliishi kwa msitu uleule aliowatupa wanawe ndani yake. Ni orodha za maana ndizo zilizousahau mkate na kubakiza giza.

5.0 Rangi zenye upatanisho na zisizo nao

Rangi ndiyo ngome ya orodha, kwa hiyo inafaa ichunguzwe kwa ushahidi wa kiisimu. Kiswahili kina mashina matatu ya vivumishi vya rangi yanayochukua upatanisho wa ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Tunasema wingu jeusi, mawingu meusi, nguo nyeusi. Rangi nyingine hupatikana kwa kutaja kitu: kijani kutokana na jani, manjano kutokana na kiungo, kahawia kutokana na kahawa, kijivu kutokana na jivu. Hali hii inapatana na madai ya Berlin na Kay (1969) kwamba katika lugha za dunia istilahi za msingi za weusi, weupe na wekundu hutangulia nyingine.

Matokeo yake kwa ufasiri ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Kivumishi chenye upatanisho hukishika kila kitu, na hivyo hakina kitu chake. Weusi ni wa usiku, wa ngozi, wa chungu, wa wingu, wa udongo wenye rutuba. Kijivu, kwa upande wake, hakijaachana na jivu lake. Mchoraji anapokipaka kichaka cha kiangazi rangi ya kijivu, Kiswahili kimekwisha kuweka moto uliozimika ndani ya jina la rangi hiyo. Kwa maneno mengine, rangi ambayo orodha inaiona butu ndiyo yenye taashira ya karibu zaidi, na ile ambayo orodha inaipa maana moja ndiyo iliyo wazi kwa maana nyingi.

Itigi ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kwisha kati ya Aprili na Mei. Miezi iliyobaki ni mikavu. Katika jamii za ukanda wa kati, Wagogo wakiwamo, weusi umehusishwa na mvua: mnyama mweusi na nguo nyeusi vimekuwa na nafasi katika matambiko ya kuiomba. Sababu yake haihitaji nadharia ndefu. Wingu lenye mvua ni jeusi, na wingu jeupe hupita. Mwanafunzi aliyetajwa mwanzoni, aliyeona matumaini katika wingu jeusi juu ya nyumba ya maskini, alikuwa akisoma kwa kanuni yenye historia ndefu kuliko shule yake. Swali la haki ambalo mwalimu angemuuliza ni jingine: nyumba hiyo katika ngano iko katika nukta gani? Ikiwa mwenye nyumba amekwisha kupanda, wingu ni matumaini. Ikiwa paa lake limechukuliwa na jini ukurasa uliotangulia, hata Itigi wingu hilo linatisha.

6.0 Mti unaosubiri jina

Wachoraji wa Tanzania wamekwisha kuanza kuzijibu hoja hizi kwa brashi. Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta juu ya mbao za mraba, aliacha mtindo ambamo mnyama hujaza picha mbele ya usuli ulio bapa. Katika mtindo huo kina si muhimu, na giza halitumiki kama chombo kikuu cha hofu. John Kilaka, aliyetokana na mapokeo hayo, ameupeleka katika vitabu vya watoto. Mojawapo, kilichotoka kwa Kiingereza kwa jina la The Amazing Tree, kinasimulia ngano ambayo sura zake mbalimbali zinajulikana katika jamii nyingi za Kibantu: wakati wa ukame mti mmoja umejaa matunda yaliyoiva, lakini hayaanguki. Kobe anasema mti sharti uitwe kwa jina lake. Wanyama wakubwa wanatumwa, wanalisahau jina njiani. Sungura, waliyemwona mdogo mno kwa kazi hiyo, ndiye anayefika nalo.

Ukame hapa umechorwa kwa rangi zinazong'aa, na msomaji aliyelelewa na orodha atalalamika kwamba hali ya hisia haikubaliani na njaa. Malalamiko hayo yanatoka katika nchi ambako shida huja na mawingu. Katika ukanda wa kati shida huja na jua.

Mti wenyewe, kwa msomaji wa huko, si muujiza wote. Mbuyu huweza kubaki na matunda yake baada ya kupukutisha majani, na kila mtoto aliyewahi kurusha fimbo kuangusha mabuyu anajua kwa mkono wake maana ya tunda lililoiva ambalo halishuki. Kwa hiyo mshangao wake hauangukii mahali pamoja na mshangao wa msomaji wa Basel au Chicago. Huyo wa mbali hushangaa kuona matunda wakati wa ukame. Huyu wa Itigi hushangaa kwamba jina linaweza kufanya kazi ya fimbo.

Na jina ndilo lisilochoreka. Mchoraji anaweza kuwaonesha wanyama wakiwa wameinua nyuso, nafasi tupu kati ya midomo yao na matawi, kisha, ukurasa mwingine, matunda ardhini. Kilichotokea katikati ni sauti. Kama kwa nunda, ambako picha ilishindwa na neno «siye», hapa inashindwa na jina, na ile nafasi tupu chini ya matawi inakuwa taashira kwa sababu hiyo tu: ni mahali ambapo anayesoma kitabu analazimika kufungua kinywa na kulitamka jina la mti mwenyewe.